Mama, jirani na saksofoni: habari za Sonny Rollins



Waliokuwa kwenye mkutano wa Alhamisi wanakumbuka kesi ya saksofoni. Kwa wale ambao hawakuja, tunaieleza kwa ufupi. Kijana wa miaka 16, mtoto wa mwenzetu, aliachiwa saksofoni na mjomba wake marehemu, aliyekuwa akiipiga katika fanfara. Tangu hapo kartie hailali. Anapiga asubuhi kabla ya masomo, anapiga jioni, na umeme ukikatika ndipo anapiga zaidi, maana saksofoni haihitaji umeme. Upande wa pili wa ukuta yuko mama mdogo aliyejifungua majuma matatu yaliyopita. Mtoto akishikwa na usingizi, saksofoni inaanza kulia. Saksofoni ikinyamaza, mtoto analia.

Mama mdogo alisimama kwa adabu akasema: "Mama Mkubwa, sikatai mtoto wako apige. Ninaomba usingizi tu." Wote tulitazamia ugomvi. Lakini mama wa kijana alijibu: "Mwanangu, hata mimi ninataka kuiuza. Ndugu yangu aliyeacha hiyo saksofoni alianza na muziki, akamalizia na pombe na bangi. Nimemzika. Afadhali niiuze nipate minervali ya mwaka mzima." Kijana alikuwa amesimama mlangoni na kiti alichotumwa kuleta. Alisikia yote. Aliweka kiti chini akaondoka.

Hatukumaliza kesi siku ile. Mmoja wetu, ambaye mume wake marehemu alipenda santuri za kizungu na za Kimarekani, alisema kwamba kabla ya kuamua tusikilize kwanza habari za mtu mmoja wa New York. Juma zima tulikuwa tukikaa kwake jioni, wengine na majani ya sombe ya kuchambua, na habari hizo ndizo tunazowaandikia leo. Mtu huyo anaitwa Sonny Rollins. Alipiga saksofoni ya tenori, ile kubwa iliyopinda shingo, yenye sauti nene kama ya mwanaume. Na katika habari zake kuna mama anayemwogopea mtoto wake, kuna ulevi, na kuna hata jirani mwenye mimba anayetaka kulala. Mtadhani tumeitunga kwa ajili ya kartie yetu. Hatukutunga.

Alizaliwa New York tarehe 7 Septemba 1930, akakulia Harlem, mtaa wa Weusi wa jiji lile. Wazazi wake walikuwa wageni pale. Walitoka katika visiwa vya Virgin vya bahari ya Karibe, ambavyo Denmark iliviuza kwa Marekani mwaka 1917. Mama yake alizaliwa kisiwa cha St. Thomas. Baba alifanya kazi katika jeshi la maji, kwa hiyo mara nyingi alikuwa safarini, na nyumba ilibaki mikononi mwa mama na bibi. Wengi wetu tunaijua nyumba ya namna hiyo. Bibi alikuwa mkali wa siasa. Alimshika mjukuu mkono na kumpeleka kwenye maandamano ya kudai haki za Weusi, mtoto angali mdogo kabisa.

Wakubwa zake walipewa vyombo vya heshima: kaka alipiga fidla, dada alipiga piano. Yeye kitinda mimba hakuvutiwa na hivyo. Alitaka saksofoni, kwa sababu ya Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksofoni aliyependwa sana Harlem siku zile. Akiwa na miaka 7 au 8 mama yake akamtafutia. Mara ile ya kwanza alijifungia nayo chumbani na hakutaka kutoka. Katika mazungumzo mengi ya uzeeni alirudia kusimulia hayo: alikuwa anapiga saa nyingi peke yake, mpaka mama aje kumwita kula. Tulimtazama mama wa kijana wetu tuliposikia hapo. Alicheka kidogo.

Karibu na kwao aliishi Coleman Hawkins, mkubwa wa saksofoni ya tenori wakati ule. Mtoto Sonny alikwenda kumngojea mlangoni na picha mkononi ili aisaini. Mwaka 1946 na yeye akaingia tenori. Kabla hajafika miaka 20 alikuwa ameshapiga kwenye santuri pamoja na watu wazima wenye majina.

Sasa tuseme kidogo juu ya muziki wenyewe, maana kuna aliyetuuliza kama ni ule wa African Jazz na OK Jazz. Hapana, ingawa jina limetoka huko. Kabasele na Franco waliazima neno la Marekani na kulivika rumba yetu. Jazi ya Rollins ni ya watu wanne au watano: ngoma, besi kubwa ya kusimama, piano, na mbele tarumbeta na saksofoni. Wimbo mfupi unapigwa mara moja wote wausikie, halafu kila mmoja anauchukua kwa zamu na kuusimulia upya kwa kichwa chake, papo hapo, bila karatasi. Baada ya vita kuu ya pili Charlie Parker na wenzake waliuendesha muziki huo mbio sana, hata wachezaji wa dansi wakashindwa. Kuelekea katikati ya miaka ya 1950 vijana Weusi wa New York, Philadelphia na Detroit waliurudishia mwili: mapigo mazito ya ngoma, kilio cha bluzi, sauti za kanisani walikolelewa. Mtindo huo Wamarekani waliupa jina la hadibopu, yaani bopu ngumu. Ngumu maana yake ina mifupa, usidhani ina hasira. Na katika tenori za hadibopu, Rollins ndiye aliyekuwa na mifupa kuliko wote.

(Saksofoni yenyewe, kwa wanaopenda kujua, ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax wa mji wa Dinant, aliyeiandikisha Paris mwaka 1846. Wabelgiji walituletea mambo mengi. Hili tunalipokea.)

Tuje kwenye jambo ambalo mama wa kijana alitaka kulisikia. Charlie Parker alikuwa mungu wa vijana wale, na Charlie Parker alikuwa mtumwa wa heroini. Vijana wakasema moyoni, bila shaka ndiyo inayompa vidole vile. Wakamfuata. Rollins aliingia humo kabla hajafikisha miaka 20. Mwaka 1950 alikamatwa katika wizi wa kutumia silaha, akafungwa karibu miezi kumi katika gereza la Rikers Island. Akatoka, akarudia, akarudishwa ndani tena. Alifikia hali ambayo sisi tunaiona kwa vijana wetu wa bangi na pombe kali: unakopa hulipi, unadanganya anayekupenda, watu wakikuona mbele wanavuka barabara. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba wakati ule aliyebaki upande wake alikuwa mama yake tu.

Hapo mezani tuligawanyika, tusiwafiche. Mmoja wetu alisema mama yule alikosa, angefunga mlango mapema mtoto angeona. Mwingine, ambaye ana sababu zake za kusema, alijibu kwamba mlango uliofungwa hauponyi mtu, unamhamisha tu aende kufia kwa wengine. Tukakaa kimya, tukaendelea kuchambua majani.

Mwaka 1953 Rollins aliitwa kurekodi chumba kimoja na Charlie Parker. Parker akamuuliza kama ameacha. Rollins akasema ameacha. Kisha mtu mmoja akatoboa siri. Rollins aliona uso wa Parker ulivyobadilika, na ndipo akaelewa kwamba mkubwa wake hakufurahi hata kidogo kuigwa. Aliumia kuona vijana wanafuata ubovu wake wakidhani ndio ufundi. Neno hilo lilimwingia. Akajipeleka mwenyewe Lexington, katika jimbo la Kentucky, kwenye hospitali ya serikali iliyotibu watu wa heroini, akakaa miezi kadhaa. Alipanga akitoka aende kumwonyesha Parker kwamba sasa ni kweli. Parker alikufa tarehe 12 Machi 1955, Rollins angali hospitalini. Hakuwahi kumwonyesha.

Alipotoka hakurudi New York. Alikwenda Chicago akafanya kazi za kufagia na kuosha sakafu, mtu ambaye santuri zake tayari zilikuwa madukani. Tunaomba mtu asipite haraka hapa. Wamama wengi tunadhani mtoto akitoka kwenye matibabu mambo yamekwisha. Kwake kipindi kigumu ndicho hicho kilichofuata: kuingia tena mahali pa muziki, marafiki wa zamani wanakuita nje, jasho linatoka mikononi, na wewe unasema hapana, unarudi chumbani kulala. Alisema hapana. Kesho yake ikawa rahisi kidogo. Mwisho wa mwaka 1955 akaingia katika orkestra ya mpiga ngoma Max Roach na mpiga tarumbeta Clifford Brown.

Huyu Clifford Brown angefaa makala yake peke yake. Alikuwa kijana wa miaka 25, hapigi heroini, ana mke na mtoto mchanga, na bado anapiga tarumbeta kuliko wengi. Rollins alisema kwamba kwa Brown ndipo alipoona kwa macho yake kuwa mtu anaweza kuwa mwanamuziki hodari na kuishi maisha safi. Yaani alichokuwa amekosa ni mfano tu, mtu mmoja wa rika lake. Tarehe 26 Juni 1956 Brown alikufa katika ajali ya gari usiku, barabara kuu ya Pennsylvania, pamoja na mpiga piano wa kundi na mke wake aliyekuwa anaendesha.

Siku nne tu kabla ya ajali hiyo, tarehe 22 Juni, Rollins alikuwa amerekodi santuri ambayo mpaka leo watu hutaja kwanza wakimtaja yeye: Saxophone Colossus. Ni mwezi uleule wa Juni 1956 ambapo huku kwetu, Léopoldville, OK Jazz ilianza kupiga. Santuri ya Rollins haikurekodiwa katika jumba kubwa. Fundi wa sauti, Rudy Van Gelder, alitumia sebule ya wazazi wake katika mji mdogo wa Hackensack, na mama yake mzazi ndiye aliyevumilia mlolongo wa wanamuziki wanaopita nyumbani kwake na vyombo. Mwenzetu mwenye santuri aliiweka. Wimbo wa kwanza unaitwa St. Thomas, jina la kisiwa cha mama. Ni wimbo wa zamani wa visiwa vile, ambao Sonny aliusikia nyumbani akiwa mtoto. Ngoma inaanza peke yake, unadhani mtu anataka kucheza. Halafu tenori inaingia, sauti nene, na inachosema ni kidogo sana. Noti mbili. Kimya. Noti mbili tena, ila amezigeuza. Kama mtu anayegonga mlango huku anatabasamu. Bibi mmoja wa miaka 70 na zaidi, ambaye alikuwa amekuja kuazima sufuria, alianza kutikisa mabega, na kabla wimbo haujaisha alikuwa amesimama.

Hilo ndilo jambo lake. Wengine walipewa zamu yao wakamwaga noti kama mvua. Yeye alichukua kipande kidogo cha wimbo, labda noti tatu, akakipindua, akakirefusha, akakificha, akakirudisha baadaye ulipokuwa umesahau. Ni kama mama hodari wa sombe: majani ni yaleyale ya kila mtu, lakini leo ni mawese na biringanya, kesho karanga, keshokutwa samaki mkavu, na hakuna anayelalamika kwamba tumekula sombe siku tatu. Mwaka 1958 mtaalamu mmoja, Gunther Schuller, aliandika uchambuzi mrefu wa zamu yake katika wimbo Blue 7 wa santuri ileile, akaonyesha jinsi kila sehemu ilivyotoka kwenye mbegu moja. Rollins aliusoma akavurugika. Alianza kujiangalia akipiga, kama mtu aliyeambiwa jinsi anavyotembea na sasa anajikwaa. Aliamua kutosoma tena waliyoandika juu yake.

Alikuwa pia na mzaha. Alichukua nyimbo ambazo wenzake walizidharau, za sinema na za wachunga ng'ombe, akazipiga kwa heshima yote mpaka uone aibu kwa kuzidharau. Mwaka 1957 alitoa santuri Way Out West, bila piano kabisa, besi na ngoma tu nyuma yake, na kwenye picha ya jalada amesimama jangwani na kofia ya mchunga ng'ombe na mkanda wa bastola, mkononi saksofoni. Wimbo mwingine aliuita Airegin. Usomeni kutoka nyuma mtaona nchi gani.

Lakini mzaha ulikuwa na mwisho wake. Mwaka 1958 magazeti yalikuwa yakimsifu, na bado alipotafuta nyumba ya kupanga katika New York alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akatunga Freedom Suite, karibu dakika 20 za muziki upande mzima wa santuri, na kwenye jalada akaandika maneno machache juu ya nchi inayokula utamaduni wa Weusi huku ikiwakandamiza wenyewe. Mwaka ule hayo hayakuwa maneno ya kawaida kwenye santuri ya jazi. Sisi tulimkumbuka bibi yake na maandamano.

Sasa daraja.

Mwaka 1959 alikuwa na miaka 28, ameitwa mkubwa wa tenori kuliko wote wanaoishi, na akaacha. Hakugombana na mtu, hakuugua. Aliona tu kwamba sifa zimempita, kwamba watu wanalipa kusikiliza mtu ambaye yeye mwenyewe anajua bado hajafika. Alitaka kurudi shuleni, na shule ilikuwa chumbani kwake, mtaa wa Grand Street. Na hapo jengoni alikuwapo jirani mwenye mimba.

Tenori ikipigwa kwa nguvu katika nyumba ya ghorofa inapita kuta zote. Rollins alimfikiria mama yule na mtoto aliye tumboni, akaona haiwezekani. Hakuna aliyemletea kesi kwenye mkutano. Siku moja akitembea karibu na nyumbani akaona ngazi za daraja la Williamsburg, lile refu linalovuka East River kati ya Manhattan na Brooklyn. Akapanda. Juu kulikuwa na njia ya watembea kwa miguu, na pembeni treni zinapita, magari yanapita, chini boti zinapiga honi. Makelele matupu. Hakuna mtu wa kumwamsha. Tangu siku hiyo akawa anakwenda pale mchana na usiku, kiangazi na wakati wa theluji, siku nyingine saa 15 au 16, na hivyo kwa miaka miwili. Alipiga akielekea mtoni ili asikie sauti yake inavyokwenda mbali. Boti ikipiga honi aliijibu. Wapita njia wa New York hawashangai, kila mtu na haraka zake.

(Wenzetu wa Bukavu wasijaribu haya kwenye daraja la Ruzizi. Utapiga dakika mbili, ya tatu utaulizwa karatasi.)

Hapa wamama wote wa likelemba waliuliza kwa sauti moja: na chakula? Swali la haki. Miaka hiyo miwili mtu hapandi jukwaani, haleti kitu. Jibu ni Lucille, aliyekuja kuwa mke wake. Lucille alifanya kazi ya ofisi, na mshahara wake ndio ulioweka mkate mezani wakati mwanaume yuko darajani na saksofoni. Vitabu vya jazi vinaandika kurasa na kurasa juu ya daraja, na juu ya Lucille mistari michache. Sisi tunaona hesabu hiyo haikukaa sawa.

Alirudi Novemba 1961, na mwanzo wa mwaka 1962 akarekodi santuri iliyoitwa The Bridge, yaani Daraja. Waliotazamia kitu cha ajabu wakalalamika kidogo kwamba ni Rollins yuleyule. Ni kweli. Sauti imekuwa pana zaidi, ametulia zaidi, lakini ni yeye. Pengine hilo ndilo alilokuwa analitafuta kule juu.

Lucille na Sonny walifunga ndoa mwaka 1965. Miaka ya 1970 Lucille akashika kazi zote: mikataba, malipo, safari, baadaye hata utayarishaji wa santuri. Alikataa mumewe apige usiku kucha kwenye vilabu vya moshi kwa malipo kidogo, akadai kumbi kubwa na bei yake. Hakuogopa kusema hapana kwenye simu. Waliishi shambani, mbali na jiji, na chumba kimoja walibaki nacho New York.

Chumba hicho kilikuwa hatua chache kutoka minara miwili ya World Trade Center, ghorofa ya juu sana. Tarehe 11 Septemba 2001 Rollins alikuwa ndani, mwenye miaka 71. Alisikia ndege, akasikia mshindo. Alipoondolewa kesho yake, alishuka ngazi zile zote kwa miguu na mzigo mmoja: saksofoni. Siku nne baadaye alikuwa anangojewa kupiga Boston. Alitaka kufuta. Lucille alikataa, akasema wanakwenda. Wakaenda. Onyesho lile lilirekodiwa, likatolewa mwaka 2005, na zamu yake moja humo ikapata tuzo ya Grammy. Lucille hakuwahi kuliona hilo. Alifariki Novemba 2004.

Mzee aliendelea. Rais Obama alimvika nishani ya taifa ya sanaa mwaka 2011. Onyesho lake la mwisho lilikuwa mwaka 2012, kisha ugonjwa wa mapafu ukamkatalia pumzi, na saksofoni bila pumzi ni bomba tu. Alieleza kwamba mwanzoni alihuzunika vibaya, halafu akaanza kushukuru kwamba alipiga muda wote ule. Karatasi zake, madaftari yake ya mazoezi na kanda zake vilikwenda maktaba ya Schomburg, Harlem, mtaa uleule ambako mama alikuwa akimwita aje kula.

Basi turudi kwenye ukuta wetu na mama wawili.

Jumanne jioni mama wa kijana alikuja kusikiliza. Hakusema mengi. Aliuliza mara mbili juu ya Clifford Brown, kama ni kweli hakuwa mlevi. Tulimwambia ni kweli. Akauliza ni nani hapa mjini anayepiga vizuri na hanywi, ili mtoto wake amwone. Tulihesabu. Tulipata watatu, mmoja wao mzee wa fanfara aliyempigia ngoma marehemu ndugu yake. Mzee huyo amekubali kumfundisha kijana kila Jumamosi, na hakutaka malipo, ila ameomba kitenge kwa ajili ya mke wake. Kikundi kimekubali kutoa.

Saksofoni haitauzwa mpaka matokeo ya mwisho wa mwaka wa masomo yatoke. Hilo mama amelisema mbele ya wote, na amesema pia kwamba akisikia harufu yoyote midomoni mwa mtoto, siku hiyo hiyo inakwenda sokoni. Usiku inalala chini ya kitanda cha mama. Minervali bado ni tatizo, na mweka hazina wetu ameandika jina lake katika zamu ya likelemba ya mwezi ujao. Kuna wawili ambao hawakufurahi na mabadiliko hayo ya zamu. Tunawaomba waje tuzungumze, wasiseme pembeni.

Na daraja tumelipata: chini kando ya ziwa, kwenye mikalitusi, nyuma ya mahali wanapofulia. Kijana atapiga pale kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili, siku za masomo. Mama mdogo amekubali. Juzi alituambia kwamba upepo ukitoka ziwani bado anaisikia, kwa mbali sana, na mtoto anaendelea kulala. Ameuliza kama kijana anaweza kujifunza ule wimbo wa kisiwa.

Wanaotaka kuusikia, waje kwa mwenzetu Jumatano baada ya soko. Majani ya kuchambua yapo.